Nyumba ya zamani Tororo au Busia? Uliza hati kabla ya kupenda mtaa

Swali la kwanza la kumuuliza mtu anayeuza nyumba ya zamani katikati ya mji wa Tororo si lini mabati yalibadilishwa wala kama bomba la uani linatoa maji. Ni hili: nyumba hii ilikuwa ya nani Agosti 1972? Jibu lake linaweza kumpa mnunuzi makazi ya maisha yake yote, au likamletea kesi itakayorithiwa na wajukuu.

Swali hilo limepata uzito mpya. Novemba 2024 Rais Yoweri Museveni alizindua wilayani Tororo ujenzi wa reli ya kisasa ya Malaba hadi Kampala, yenye urefu wa kilomita 272, chini ya mkataba wa takriban euro bilioni 2.7 na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki. Kusini kidogo, Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Museveni na aliyekuwa Rais wa Kenya, Uhuru Kenyatta. Penye reli na mpaka unaopitika, watu hutafuta pa kuishi.

Wengi watanunua viwanja vipya pembezoni mwa miji. Lakini wapo wanaovutiwa na nyumba za kale: baraza pana, dari iliyo juu, kuta nene zisizoruhusu joto la mchana kuingia, na kiwanja chenye miembe ya tangu enzi za babu. Nyumba hizo ziko karibu na soko, hospitali, kituo cha mabasi na ofisi za serikali. Kwa mwenye akiba ya miaka ishirini ya biashara au mafao ya kustaafu, zinaonekana kuwa fursa.

Madalali humshauri mnunuzi aangalie utulivu wa mtaa, maji, barabara na shule. Ushauri huo si mbaya, ila hautoshi. Katika ukanda huu wa mpaka kila mtaa wa zamani ulijengwa kwa ajili ya watu fulani, chini ya sheria fulani, na umebadilisha wenyewe kwa sababu ya matukio ya kisiasa. Anayenunua nyumba katika mtaa huo ananunua pia historia ya umiliki wake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hapa kuingia ndani maana yake ni kufungua faili la ardhi.

Mji uliozaliwa na reli

Tororo ya leo ni zao la reli. Njia iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret ilivuka mpaka na kufika hapo mwishoni mwa miaka ya 1920. Tawi la kuelekea Mbale na Soroti lilikamilika mwaka 1929, na mwaka 1931 reli ilifika Kampala. Tororo ikawa makutano: pamba ilishuka kutoka kaskazini, bidhaa zikapanda kutoka Mombasa. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kiliongeza ajira na wakazi.

Kama ilivyokuwa katika miji mingi ya kikoloni ya Afrika Mashariki, makazi yaligawanywa kwa asili ya mtu na cheo chake. Wafanyabiashara wa Kiasia walijenga maduka ya barabarani, familia zikiishi nyuma ya duka au ghorofani. Maofisa wa serikali walipewa nyumba za chini zilizotawanyika kwenye viwanja vikubwa, katika mitaa ambayo miji mingi ya Uganda huiita hadi leo Senior Quarters. Watumishi wa reli walipewa nyumba za shirika karibu na stesheni. Waafrika wengine waliachiwa pembezoni, kwenye ardhi ya kimila ambayo baadaye ilimezwa na mji.

Kwa hiyo mnunuzi wa leo anayelinganisha mitaa mikongwe ya Tororo analinganisha aina nne za umiliki. Kila moja ina hatari yake.

Madukani: kivuli cha 1972

Mtaa unaovutia zaidi kwa macho ni wa madukani. Una majengo yenye nakshi, nguzo za barazani na milango mipana ya mbao. Pia ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 kuondoka. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka na viwanda. Mali hizo ziliwekwa chini ya Bodi ya Uangalizi wa Mali za Waasia Walioondoka, iliyopewa nguvu na amri ya mwaka 1973. Kilichofuata kinajulikana: funguo ziligawiwa kwa wanajeshi, maofisa na watu waliokuwa karibu na utawala. Wapangaji waliingia, wakazaa humo, wakazeeka humo.

Mwaka 1982 Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Mali Zilizotaifishwa, iliyoanza kutumika 1983. Sheria hiyo ilibatilisha mauzo na uhamisho uliofanyika juu ya mali hizo baada ya kuchukuliwa, ikafungua njia kwa wenyewe wa awali kurejeshewa. Kazi ya kurejesha ilishika kasi katika miaka ya 1990 chini ya serikali ya Museveni.

Nusu karne baadaye, nyumba moja ya madukani inaweza kuwa imepita katika mojawapo ya njia nne. Mwenyewe alirudi, akapewa cheti cha kurejeshewa, kisha akauza kihalali. Au hakurudi, na mamlaka ikaiuza kwa Mganda. Au haijawahi kudaiwa na mtu, na anayeishi humo ni mpangaji tu hata kama amekaa miaka arobaini. Au ilidaiwa na mtu aliyejitokeza na hati ya uwakala, akidai ametumwa na familia iliyoko Uingereza, Kanada au India.

Njia hiyo ya nne ndiyo iliyoleta malalamiko mengi. Mwaka 2019 kamati ndogo ya Bunge la Uganda ilianza kuchunguza mwenendo wa Bodi, na suala la mali zilizorejeshwa kwa nyaraka za kutiliwa shaka lilikuwa miongoni mwa yaliyojitokeza. Mnunuzi hapaswi kudhani kwamba nyumba anayoitaka ni moja ya hizo. Hapaswi pia kudhani kwamba siyo.

Nyaraka za kudai ni tatu: hati ya awali iliyokuwepo kabla ya 1972, cheti cha kurejeshewa au hati ya mauzo iliyotolewa na mamlaka husika, na mlolongo wa kila aliyenunua tangu hapo hadi muuzaji wa sasa. Pakikosekana kiungo kimoja, bei nafuu si neema.

Kuna jambo la nne ambalo wengi hulisahau, nalo ni umri wa mkataba wa ardhi. Viwanja vingi vya mijini vilitolewa kwa kukodishwa miaka maalumu, si kwa umiliki wa kudumu. Mkataba wa miaka 49 ulioanza 1950 uliisha 1999. Mkataba wa miaka 99 ulioanza 1930 utaisha 2029. Ukuta unaweza kusimama imara huku haki ya kuwa juu ya ardhi hiyo imebakiza miezi. Raia wa Uganda anaweza kuomba kuongezewa muda au kubadilishiwa mkataba kuwa umiliki wa kudumu, lakini ombi si hati, na gharama yake inapaswa kuingia kwenye bei kabla ya kutia saini.

Mwisho, kuna wapangaji. Nyumba nyingi za madukani zina vyumba vinavyokaliwa na familia kadhaa. Anayenunua nyumba anawanunua pamoja na mikataba yao, iwe ya maandishi au ya mdomo. Kuwaondoa kwa nguvu ni kosa la kibinadamu na mara nyingi la kisheria.

Mtaa wa maofisa na nyumba za reli

Mitaa ya maofisa ina faida iliyo wazi: utulivu, viwanja vipana, miti mikubwa. Historia yake ya umiliki pia huwa fupi zaidi. Ilikuwa mali ya serikali tangu mwanzo. Katika miaka ya 1990 serikali ya Uganda iliuza nyumba nyingi za watumishi wake, wapangaji waliokuwamo wakipewa nafasi ya kwanza.

Hatari ya hapa ni ya aina nyingine. Baadhi ya walionunua walilipa kidogokidogo, na mnunuzi lazima aone uthibitisho kwamba malipo yalikamilika na hati ikahamishwa. Aidha, kiwanja kilichokuwa na nyumba moja mwaka 1950 huenda sasa kimekatwa vipande vitatu. Nyumba kongwe inaweza kubaki katikati bila njia yake ya kuingilia, au choo chake kikawa ndani ya mpaka wa jirani. Mpima ardhi aliyesajiliwa atafute mawe ya mipaka na kuyalinganisha na ramani iliyoko ofisini, si na uzio uliopo.

Nyumba za reli zina hadithi ndefu zaidi, na ni hadithi ya Jumuiya yenyewe. Zilikuwa mali ya shirika la reli la pamoja la Afrika Mashariki. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mali zilibaki bila mgawanyo uliokubaliwa hadi Mei 1984, Kenya, Uganda na Tanzania zilipotia saini makubaliano ya mgawo jijini Arusha. Upande wa Uganda ardhi ya reli ikawa ya Shirika la Reli la Uganda. Kati ya 2006 na 2018 uendeshaji wa reli ulikuwa mikononi mwa kampuni binafsi kwa mkataba wa kukodi, lakini kukodi njia ya treni si kuuza nyumba za wafanyakazi.

Kwa sababu hiyo, mtu anayeuza nyumba ya reli kwa madai kwamba baba yake alistaafu akiwa humo anauza kitu ambacho pengine hakuwahi kuwa nacho. Ujenzi wa reli mpya unaongeza jambo lingine la kuuliza: je, kiwanja kimo ndani ya eneo lililotengwa kwa ajili ya njia? Fidia hulipwa kwa mwenye haki inayothibitika. Mnunuzi wa hati mbovu hatakuwa na nyumba wala fidia.

Busia: mji mmoja, daftari mbili

Kilomita chache kusini, Busia ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Mtu anaweza kunywa chai Sofia, upande wa Uganda, na kununua mkate Burumba, upande wa Kenya, kabla chai haijapoa tumboni. Lakini akinunua nyumba, mstari huo unakuwa ukuta.

Mstari wenyewe si wa kale. Hadi mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilienea hadi karibu na Naivasha. Mwaka huo Waingereza walilihamishia upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wana jamaa katika nchi mbili bila kuhama hata hatua moja.

Kwa mpenda majengo ya kale, Busia haina mengi ya kuonyesha ikilinganishwa na Tororo, kwani mji umekuzwa zaidi na biashara ya mpakani. Hata hivyo zipo nyumba za familia zenye umri, na upande wa Kenya hatari kubwa ni kifo ambacho hakikuandikishwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi mwa Kenya ilipimwa na kusajiliwa kwa majina ya wazee wa familia. Wazee hao walifariki, watoto wakagawana kwa mdomo, na hati ikabaki na jina la marehemu. Chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, mtoto hawezi kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha warithi na mgawanyo. Anayelipa kabla ya hapo amelipa asiye mwenyewe, hata kama aliyepokea pesa ni kifungua mimba wa mzee.

Uamuzi mmoja wa Mombasa unamhusu kila mnunuzi wa Busia. Aprili 21, 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni hiyo ilikuwa na hati ya kiwanja cha ufukweni Nyali, kilichogawiwa mara ya kwanza mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Mahakama ilisema ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na kwa hiyo hati iliyotokana nao haikuweza kumlinda mnunuzi wa baadaye hata akijiita mnunuzi mwema. Kwa maneno mepesi: kuona jina la muuzaji kwenye hati hakutoshi. Lazima ufuatilie hadi shina.

Uamuzi huo unaigeuza kazi ya wakili. Zamani kupekua daftari la ardhi siku moja kabla ya malipo kulionekana kutosha. Sasa wakili anapaswa kuuliza ardhi ilitokaje serikalini au kwa jamii, nani aliidhinisha, na kwa nini.

Buteba: mji unapolisogelea shamba

Kaunti ndogo ya Buteba, wilaya ya Busia nchini Uganda, iko katika ukanda huu wa mpaka, ng'ambo yake ikiwa Teso Kusini ya Kenya. Mtu aliyechoshwa na bei za mjini anaweza kupata hapo boma la zamani lenye nyumba ya matofali, mfenesi na kisima.

Ardhi ya aina hiyo kwa kawaida ni ya kimila. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitambua kama mojawapo ya aina nne za umiliki, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu mwenyewe kuomba cheti cha umiliki wa kimila au kuibadilisha iwe ya kudumu. Kukosekana kwa hati hakumaanishi kukosekana kwa mwenyewe. Kunamaanisha kwamba ushahidi wa umiliki uko vichwani mwa watu: wazee wa ukoo, majirani, mwenyekiti wa kijiji.

Mnunuzi hapa anahitaji mkutano zaidi ya karatasi. Mke au mume wa muuzaji lazima akubali, kwa kuwa sheria ya Uganda inataka ridhaa ya mwenza kabla ya kuuza ardhi ambayo familia inaishi au kuitegemea. Kenya nayo ina sharti kama hilo kwa nyumba ya ndoa. Makaburi yaulizwe mapema: yako wapi, na nani ana haki ya kuyazuru? Familia inayouza nyumba yenye kaburi la bibi uani haijamaliza uhusiano wake na uwanja huo hata kama imepokea shilingi zote.

Soko la Pamoja linaishia mlangoni

Hapa ndipo mkazi wa mpakani hushangaa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kusafiri, kufanya kazi, kuanzisha biashara na kuishi katika nchi nyingine. Lakini ibara ya 15 inasema upatikanaji na matumizi ya ardhi na majengo vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Bidhaa zilivushwa. Ardhi iliachwa nyuma, kwa makusudi.

Matokeo yake ni kwamba Mkenya Tororo na Mganda Busia ya Kenya ni wageni kama alivyo mgeni wa kutoka London. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, basi. Sheria ya Ardhi ya Uganda nayo inampa asiye raia mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99. Hawezi kumiliki kwa kudumu, wala kimila. Kwa hiyo boma la Buteba haliwezi kuwa la Mkenya moja kwa moja. Na Mganda akitaka shamba nje ya mji wa Busia ya Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya Kilimo inazuia bodi kutoa idhini kwa asiye raia isipokuwa Rais ametoa msamaha.

Kampuni nayo si njia ya kukwepa. Kenya huihesabu kampuni kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Uganda huangalia nani ana usemi mkuu ndani yake.

Njia ya mkato inayojulikana mpakani ni kununua kwa jina la jamaa aliye ng'ambo: mjomba, shemeji, binamu. Ni njia ya upendo hadi siku ya msiba. Jina lililo kwenye daftari ndilo linalorithiwa, na watoto wa mjomba hawakuwepo wakati wa makubaliano. Mahakamani, aliyetoa pesa atalazimika kueleza kwa nini aliandika jina la mwingine, na jibu la kweli ni kwamba sheria haikumruhusu kuandika lake.

Wapo wenye njia halali. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kupitia Katiba ya 2010, na Uganda ilitunga utaratibu wake mwaka 2009. Katiba ya Uganda ina orodha ya jamii zilizokuwa ndani ya mipaka yake Februari 1, 1926, na Wasamia na Wateso wamo. Mtu aliye na mzazi au babu wa upande wa pili anaweza kuwa na haki ya uraia ambayo hajaidai. Kuidai kabla ya kununua ni nafuu kuliko kuitafuta baada ya kushtakiwa.

Gharama nazo hazilingani. Ushuru wa stempu wa kuhamisha umiliki Kenya ni asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani. Uganda ni asilimia 1.5. Tofauti hiyo isimfanye mtu achague nchi. Imfanye tu apange bajeti sawasawa.

Funzo kutoka pwani

Miji ya pwani ilitangulia kukutana na matatizo haya, na uzoefu wake unafaa kutazamwa. Mombasa ina desturi ya miaka mingi ya nyumba bila ardhi: mtu anamiliki kuta na paa, huku kiwanja kikiwa cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Mnunuzi asiyeijua desturi hiyo hulipa bei ya vyote viwili na kupata kimoja.

Unguja inaonyesha upande mwingine. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 na kujazwa wapangaji ambao hawakuwa na sababu wala uwezo wa kuzitunza. Mamlaka maalumu ya uhifadhi iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hata hivyo, Desemba 25, 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu. Sifa ya kimataifa haizibi ufa. Nyumba isiyo na mwenyewe anayejulikana haina anayepanda juu kuangalia paa, na hilo ni kweli Tororo kama ilivyo Forodhani.

Baada ya hati, ukuta

Faili likiwa safi, ndipo nyumba yenyewe ikaguliwe. Tororo ina sifa moja isiyopatikana kwingi: kumbukumbu za miaka ya 1967 hadi 1976 ziliuhesabia mji huo wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, kiwango cha kuvunja rekodi duniani. Nyumba ndefu ya kale isiyo na kinga ya radi na yenye nyaya za umeme za miaka sitini ni hatari kwa watoto waliolala ndani. Gharama ya kubadilisha nyaya zote iingizwe kwenye mazungumzo ya bei.

Paa la miaka ya 1950 au 1960 linaweza kuwa la asbestosi. Lisipovunjwa halina madhara makubwa ya haraka, lakini fundi akilikata kwa msumeno vumbi lake huleta saratani. Mchwa huzila boriti kutoka ndani, kwa hiyo zigongwe na kusikilizwa. Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa zikipigwa plasta ya saruji hufungia unyevu ndani, na baada ya mvua mbili plasta hubanduka.

Anayepanga kuvunja na kujenga upya ajue pia kwamba Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006, na Uganda ilipitisha sheria mpya ya makumbusho na minara ya kumbukumbu mwaka 2023. Jengo lililotangazwa kuwa la kihistoria haliguswi bila kibali.

Nani achague wapi

Familia inayotaka utulivu na ina uraia wa Uganda itapata afueni zaidi katika mtaa wa maofisa wa Tororo, mradi mipaka ya kiwanja imepimwa upya. Mfanyabiashara anayetaka kuishi juu ya duka lake anaweza kwenda madukani akiwa na wakili mvumilivu na akiba ya kumtosha kwa miezi mingi ya kufuatilia faili. Nyumba ya reli iachwe hadi shirika lenyewe liiuze. Busia ya Kenya inamfaa Mkenya aliyeona uamuzi wa mahakama kuhusu urithi kwa macho yake. Buteba ni ya mtu aliye tayari kuwa jirani, si mnunuzi tu.

Lakini mzigo huu hauwezi kuachiwa wananchi peke yao. Serikali za Kenya na Uganda zinaweza kufanya mambo matatu bila kugusa katiba zao. La kwanza, Uganda ichapishe orodha kamili ya mali zilizotaifishwa katika kila mji na hali ya kila moja: iliyorejeshwa, iliyouzwa au isiyodaiwa. La pili, nchi hizi mbili ziruhusu daftari za ardhi za miji ya mpakani kupekuliwa kutoka upande wa pili. Kenya ilizindua mfumo wake wa kidijitali wa Ardhisasa Aprili 2021, na Uganda ina wake. La tatu, kituo cha pamoja cha Busia, ambacho tayari kina forodha na uhamiaji wa pande zote mbili, kiwe na dawati la kueleza sheria za ardhi kwa Kiswahili.

Kwa sasa, mama anayeuza samaki Busia anaweza kuvusha shehena yake kwa fomu rahisi na kurudi nyumbani kabla ya jua kutua. Akitaka kuweka akiba yake kwenye nyumba iliyo mita mia moja kutoka kibandani kwake, upande wa pili wa mstari, hana pa kuuliza.